Kila saini ilikuwa na sababu yake

Kipengele chenyewe kilikuwa ukurasa wa pili, chini kabisa, pale ambapo jicho limeshachoka. Nilikuwa kwenye kiti cha wageni, kalamu mkononi, na dada wa manunuzi alikuwa ameshanifungulia ukurasa wa saini nisije nikahangaika. Kazi ilikuwa kijitabu cha katuni kuhusu kunawa mikono. Wahusika watatu: bibi, mjukuu, na mbuzi mmoja mjuaji. Kipengele kilisema wahusika, michoro, rasimu na chochote kitakachotokana navyo, kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa baadaye, ni mali ya mteja milele.

"Hiyo ya kawaida tu, kaka," akasema. "Wote wanasaini."

Nikamuuliza: hata mbuzi?

Akacheka. "Hata mbuzi."

Swali hilo la kijinga limenikalia kichwani wiki kadhaa sasa, na kila likija linakuja na mtu mmoja, ambaye aliwaachia wenye ofisi wahusika wakubwa mno kuliko mbuzi wangu. Jack Kirby, mchoraji wa vibonzo wa Marekani.

Kurasa nne

Wapenzi wa vibonzo hawahitaji utambulisho. Kwa wengine itoshe kutaja: Captain America, Hulk, Thor, X-Men, Black Panther. Vyote vina mkono wake.

Watu wakisimulia maisha yake huanza na utukufu. Mimi naanzia katikati ya miaka ya 80, akikaribia miaka 70. Wakati huo kampuni ya vibonzo ya Marvel ilikuwa inawarudishia wachoraji karatasi zao halisi za zamani, zile zilizotoka mezani kwao kabla ya kupelekwa kiwandani kuchapwa. Mchoraji wa kawaida alipewa fomu ya ukurasa mmoja, anasaini, anachukua mzigo wake. Kirby alipelekewa fomu yake peke yake, ya kurasa nne. Humo alitakiwa kukubali kwamba hana haki yoyote, na kwamba hata hizo karatasi atakuwa anazitunza tu. Asiziuze. Asizionyeshe hadharani.

Na alizoahidiwa zilikuwa 88. Alikuwa amechora maelfu.

Alikataa. Wasomaji wakachachamaa, wachoraji na waandishi wenzake wakasaini waraka wa kumuunga mkono, na mwaka 1987 akasaini fomu fupi na kupata karibu karatasi 2,000. Nyingine zilikuwa zimeshapotea, zimeibwa au zimegawiwa huko nyuma kama vile ni karatasi za kufungia maandazi.

Hadithi hii imezoeleka, na kila ikisimuliwa kwa vijana huishia kwenye wosia uleule: soma mkataba kabla hujasaini. Nimeusikia kwenye semina zote za wasanii nilizohudhuria. Nao ndio unaonisumbua, kwa sababu kadiri ninavyomsoma Kirby ndivyo ninavyoona kwamba hakuwa mtu wa kusaini ovyo.

Maandishi ya pembeni

Tafuta picha ya karatasi yake yoyote ya katikati ya miaka ya 60. Ni karatasi ngumu, kila upande karibu mara mbili ya ukurasa utakaochapwa. Ndani ya fremu unaona wino mweusi wa mtu mwingine, maana Kirby alichora kwa penseli na mwenzake akapitisha wino, kisha penseli ikafutwa. Kuna ngumi inayokuja moja kwa moja usoni kwako. Kuna yale madoa meusi ya duara aliyoyatumia kuonyesha nguvu za anga, ambayo mpaka leo yanaitwa kwa jina lake.

Sasa tazama pembeni, nje ya fremu, ambako kifutio hakikufika. Kuna mistari mifupi ya penseli kwa mwandiko wa haraka: huyu anamwambia yule hivi, yule anakataa kwa sababu hii, hapa anagundua kumbe amedanganywa.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Utaratibu wa Marvel wakati ule ulikuwa hivi. Stan Lee, mhariri, na Kirby waliongea kuhusu hadithi, mara nyingine kwa dakika chache tu kwenye simu. Kirby akashuka chumba cha chini cha nyumba yake huko Long Island, ambacho familia yake ilikiita shimo la wafungwa, akachora hadithi nzima: mwanzo, kisa, mapigano, mwisho. Kurasa zikarudi kwa Lee, naye akajaza maneno kwenye viputo vya mazungumzo. Gazeti la vibonzo likitoka linaandikwa: mwandishi Stan Lee, mchoraji Jack Kirby.

Mimi nimefanya kazi hii kwa kiwango changu kidogo, na nakwambia: anayeamua kwamba mlango unafunguliwa fremu ya tatu na si ya tano, huyo anaandika.

Mfano unaonimaliza ni wa 1966. Kwa toleo la 48 la Fantastic Four walikuwa wamekubaliana kuhusu jitu linalokula sayari. Kurasa ziliporudi, Lee akakuta mtu wa rangi ya fedha anateleza angani juu ya ubao, mtu ambaye hawakuwahi kumzungumzia. Kirby alikuwa amefikiri kwamba kiumbe mkubwa kiasi kile hawezi kutembea bila mpiga mbiu, basi akamchora. Ndiye Silver Surfer. Miaka miwili baadaye mpiga mbiu huyo akapewa gazeti lake mwenyewe. Akapewa mchoraji mwingine, na asili yake ikaandikwa na Lee, tofauti na ile aliyokuwa nayo Kirby kichwani.

Kisheria hapakuwa na kosa. Hata adabu, nadhani, haikuvunjwa kwa makusudi. Kwa macho ya ofisi yule mhusika alikuwa mali ya kampuni kama meza na taipureta.

Nimtendee haki Lee: bila maneno yake, vitabu vile visingepata ule ucheshi uliowafanya wanafunzi wa vyuo wavisome bila aibu. Kirby alipoandika viputo vyake mwenyewe miaka ya 70, mazungumzo mengine yanasomeka kama tangazo la serikali. Lakini Lee alikuwa na mshahara, ofisi, na waandishi wa habari waliokuja kumhoji. Januari 1966 gazeti la New York Herald Tribune lilitoa makala iliyompamba sana. Kuhusu Kirby ikasema ukisimama naye kwenye treni utadhani ni msaidizi wa msimamizi wa kiwanda cha nguo za ndani za kike.

Mkewe, Roz, aliisoma asubuhi na mapema, wakampigia Lee simu wamekasirika.

Mtoto wa kiwandani

Hiyo ya kiwanda cha nguo ilichoma kuliko mwandishi yule alivyojua. Kirby alizaliwa New York mwaka 1917 kwa jina la Jacob Kurtzberg, na baba yake, mhamiaji Myahudi, alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo. Mtaa wao ulikuwa wa ngumi na njaa. Alijaribu chuo cha sanaa, akakaa wiki moja. Kijana akapata kazi studio ya katuni za sinema, anachora zile picha za katikati za kuunganisha hatua moja ya Popeye na nyingine, akaikimbia kwa sababu aliona safu za meza na wasimamizi wakipita, akasema moyoni: hiki ni kiwanda cha baba.

Ukimsoma ukiwa na picha hiyo, maamuzi yake mengi yanajieleza. Alitaka kutoka kiwandani na wakati huohuo aliogopa kukosa mshahara wa Ijumaa.

Na siyo kwamba hakujaribu njia nyingine. Mwaka 1954 yeye na mshirika wake Joe Simon, waliyebuni naye Captain America, walifungua kampuni yao wenyewe ya vibonzo. Huo ndio mwaka ambao Marekani ilikumbwa na hofu kwamba vibonzo vinaharibu watoto. Biashara ilivunjika kabla haijasimama. Baadaye akapata hadithi ya katuni ya kutoka kwenye magazeti ya habari, kuhusu wanaanga, ikamwingiza mahakamani na mhariri wa DC, kampuni nyingine kubwa ya vibonzo, akashindwa, na milango ya DC ikafungwa.

Ikabaki kampuni aliyokuwa amerudi kwake 1958, ileile aliyoihama 1941 kwa sababu ya ahadi za faida zisizolipwa, ile ambayo baadaye ingeitwa Marvel. Ana mke na watoto. Malipo ni kwa ukurasa. Usipochora huli. Kuna mwaka alichora zaidi ya kurasa 1,000.

Niambie wewe ungeligomea lipi.

Aliposimama upande wa kampuni

Kuna kipande cha maisha yake ambacho mashabiki hukipita haraka, nami nimekwama hapo.

Katikati ya miaka ya 60, Joe Simon alikwenda mahakamani kudai Captain America. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitoa hakimiliki ya miaka 28, kisha ikaruhusu kuihuisha, na miaka 28 ya Captain America ilikuwa inakaribia kwisha. Simon alidai haki ya kuhuisha ni yake.

Kirby akasimama upande wa kampuni. Alitoa maelezo ya kiapo dhidi ya dai la mtu waliyekula naye sahani moja tangu ujana.

Kampuni ilikuwa imemuahidi kwamba chochote Simon atakacholipwa wakimalizana, naye atalipwa kiasi hichohicho. Isitoshe, ndiko alikokuwa anakula. Mwaka 1969 Simon na kampuni wakapatana, kesi ikaisha. Mwaka 1972 Kirby mwenyewe akasaini karatasi nyingine ya kuikabidhi kampuni haki zozote ambazo huenda alikuwa nazo.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilimkasirikia. Mara ya pili nikajaribu kukaa kwenye kiti chake. Kitu gani kingemtokea mwaka 1966 kama angesema, "Simon ana haki, nami nina haki"? Hakuwa na mkataba wa maandishi wa kumlinda. Kesho yake asubuhi simu ya kazi isingelia. Alikuwa amezoea kupima mambo kwa kodi, shule na unga, na kwa mizani hiyo alichagua sawasawa.

Ndiyo maana wosia wa "soma mkataba" unaniudhi. Unamfanya aliyeonewa aonekane mzembe. Unaweza kusoma kila herufi, ukaielewa, na bado ukasaini, kwa sababu upande wa pili wa meza hauna haja nawe kiasi ambacho wewe una haja nao. Mimi kile cha mbuzi nilikisoma mara mbili.

Nilisaini. Malipo ya awali yalilipa kodi ya miezi mitatu, na kijitabu kilitoka kizuri.

Alipopewa uhuru

Mwaka 1970 Kirby aliondoka Marvel akaenda DC. Huku aliahidiwa kuandika, kuchora na kuhariri mwenyewe. Akaja na magazeti matatu mapya kwa mpigo yanayosimulia hadithi moja kubwa ya miungu wapya na mtawala katili aitwaye Darkseid, na la nne akalichukua kutoka kwenye familia ya Superman. Mpango wake ulikuwa hadithi yenye mwisho, itakayokusanywa siku moja kuwa vitabu vya kuwekwa kabatini. Leo kila mtu anafanya hivyo. Wakati ule walimwona kama anaota.

Hapa kuna jambo dogo ambalo siwezi kulisahau. DC hawakuupenda uso wa Superman aliouchora Kirby. Waliona haufanani na bidhaa yao. Basi wakawapa wachoraji wengine kazi ya kuchora vichwa vipya, na vichwa hivyo vikawekwa juu ya miili ya Kirby. Ukizitazama kurasa hizo leo unaona kabisa: mwili unaruka kwa nguvu ya ajabu, shingo imekaza, halafu juu yake kuna uso laini, umetulia, kama picha ya pasipoti.

Mfalme, ndivyo mashabiki walivyomwita. Na Mfalme hakuaminiwa na kichwa.

Mwaka 1972 magazeti makuu ya hadithi ile yakaanza kusimamishwa, hadithi ikabaki katikati. Hapo shaka yangu inageuka upande mwingine. Je, kazi yake bora ilitoka pale alipokuwa na mtu wa kumpunguza na kumkwatua, hata kama mtu huyo alichukua sifa kupita kiasi? Nimelizungusha swali hili usiku mwingi na sijaridhika na jibu langu lolote. Miungu wale, pamoja na mazungumzo yao magumu, ndio wanaonifanya nitake kuchora. Lakini ile ya miaka ya 60 ndiyo ninayoirudia kwa raha.

Alirudi Marvel 1975. Miaka hiyo aliandika na kuchora Black Panther peke yake, yule T'Challa, mfalme wa Wakanda, waliyemtoa na Lee mwaka 1966, miezi michache kabla chama cha Wamarekani Weusi chenye jina hilohilo hakijaanzishwa. Sisi wa huku tulikuja kumjua T'Challa vizuri 2018, tulipovaa vitenge kwenda sinema. Nilitoka ukumbini nimechangamka kama wenzangu wote, na filamu ikaenda kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3.

Kirby aliahidiwa malipo ya kurasa. Alilipwa kurasa.

Kiwanda chenye bima

Mwisho wa miaka ya 70 aliacha magazeti akaenda kwenye katuni za televisheni. Kazi ileile ya studio aliyoikimbia akiwa kijana. Safari hii hakuchora picha za katikati. Kazi yake ilikuwa kutoa mawazo, kuchora majini, magari, majumba na watu wa miaka ijayo. Mabosi walimheshimu. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko alivyowahi kupata, na ukaja na bima ya afya.

Bima ya afya. Mtu aliyerudi kutoka vita vya Ulaya mwaka 1945 miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi nusura ikatwe, aliyejaza maduka ya dunia nzima na mashujaa, alisubiri mpaka miaka 60 na ushee ndipo kazi ya kuchora ikamlipia daktari.

(Kando kidogo, kwa sababu siwezi kujizuia: michoro aliyoichora kipindi hicho kwa ajili ya filamu ambayo haikutengenezwa ndiyo CIA waliyoibeba mwaka 1980 kujifanya watu wa sinema, wakawatoa Wamarekani sita Tehran. Hata majasusi walichukua.)

Upande wa pili wa meza

Kirby alifariki Februari 1994. Mwaka 2009, mwaka ambao Disney iliinunua Marvel, watoto wake walidai haki zirudi kwao. Mahakama ikasema kazi ilifanywa kwa agizo na kwa gharama za kampuni, hivyo ni ya kampuni. Wakashindwa 2011, wakashindwa tena rufaa 2013. Walipofika mlangoni mwa Mahakama Kuu ya Marekani, siku chache kabla ya majaji kujadili kama wataisikiliza, Septemba 2014, pande mbili zikapatana. Masharti ni siri. Magazeti ya Marvel yakaanza kumtaja Kirby kama mbunifu pamoja na Lee.

Lakini mimi nimevutiwa zaidi na mambo mawili ya zamani kidogo, ambayo hayakuhitaji jaji.

La kwanza ni la 1981. Kampuni ndogo iitwayo Pacific Comics ilimpa gazeti jipya na kumwambia: hakimiliki yako, mrabaha wako, yaani mgawo wa mauzo. Yalikuwa masharti tu ambayo mtu fulani ofisini aliamua kuyaandika.

La pili ni la DC, ofisi ileile ya vichwa vya kubandika, ila kwa uongozi mpya. Katikati ya miaka ya 80 walikuwa wanatengeneza wanasesere, na Darkseid na wenzake walikuwemo. Mkataba wa Kirby wa 1970 haukuwa na mrabaha. Jenette Kahn na Paul Levitz, waliokuwa wakiiongoza kampuni, wakamwomba awachore upya kidogo wahusika aliowabuni mwenyewe, ili kazi hiyo mpya iingie chini ya masharti mapya ya malipo. Akabadilisha vazi hapa, kofia pale, naye akaanza kupata mgawo wake.

Hakuna aliyewalazimisha. Hakuna kipengele kilichokuwa kinawabana. Kirby mwenyewe hakuwa amesoma vizuri zaidi wala kusaini kwa busara zaidi kuliko mwanzo.

Kwa hiyo siku hizi sibishani tena na dada wa manunuzi. Yeye fomu kaletewa kama mimi. Naomba kuonana na mwenye uwezo wa kubadilisha neno ndani ya mkataba, na nakwenda na aya yangu moja mkononi: mteja anatumia kitabu apendavyo, wahusika wanabaki wangu, kikichapwa upya au kugeuzwa filamu tunakaa tena. Wengi wananijibu kwa upole kwamba haiwezekani. Mama mmoja, mkuu wa kitengo, aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, mbona hii ni haki yako tu? Nitumie kwa barua pepe niipeleke kwa wanasheria."

Iko kwa wanasheria.